Fundi wa Tovuti: Kazi Yake, Ujira Wake, na Funguo za Nyumba



Wengi wetu, huku Bugarama na Rumonge, mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kila mmoja anatafuta shughuli ndogo ya pembeni. Huyu anakamua mawese, yule anapika sabuni, mwingine anakausha ndagala. Bidhaa ipo, anayekosekana ni mnunuzi wa mbali. Hapo ndipo anapokuja kijana aliyesomea kompyuta na kusema: «Nitawajengea tovuti.» Je, anajenga nini hasa? Analipwa kwa kazi gani? Na akimaliza, nyumba hiyo ni ya nani? Katika toleo hili tutaeleza mambo hayo matatu.

TOVUTI NI NINI

Tovuti ni kurasa zenye maandishi na picha. Kurasa hizo hutunzwa ndani ya kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, ili mtu mwenye simu aweze kuzifungua akiwa Bujumbura, Uvira au Kigoma. Hata barabara ya kando ya ziwa ikikatwa na mvua, mnunuzi bado anaweza kusoma mnauza nini na kupata namba yenu ya simu.

Mtindo huu ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti cha Geneva, Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba ufundi huo ni wa watu wote, na hakuna atakayetozwa ada kwa kuutumia. Hata programu ya WordPress, iliyotolewa mwaka 2003 na inayotumiwa na mafundi wengi kujengea tovuti, hupatikana bure.

Ndugu msomaji, tuliweke jambo hili moyoni. Ikiwa vyombo ni vya bure, basi fedha anayoomba fundi ni bei ya nini? Ni bei ya muda wake, ujuzi wake na jasho lake. Sisi tunaouza nguvu zetu kiwandani na shambani tusiwe watu wa kumwambia mfanyakazi mwenzetu kwamba kazi ya kukaa kitini si kazi.

Wapo watakaosema: «Sisi tunauza kwa Facebook na WhatsApp, yatosha.» Ni kweli zinasaidia, wala hatusemi ziachwe. Lakini huko ni uwanja wa mwenyewe. Siku akifunga ukurasa wenu, picha na wateja wamekwenda. Tovuti yenu hamtolewi kwa sababu kampuni fulani imebadili mawazo, mradi mlipe kodi yake na mshike funguo zake.

KAZI INAVYOKWENDA

Tuseme watu kumi wa Rumonge wana kikundi cha kukamua mawese na kupika sabuni. Fundi wa kujitegemea, yaani asiye na mwajiri, akiifanya kazi yao vizuri atafuata hatua hizi.

Kwanza, huuliza. Mnauza nini? Mnunuzi wenu ni nani: mama wa sokoni anayetaka bidoni moja, au mfanyabiashara anayetaka mzigo wa lori? Mnatoa mzigo mara ngapi kwa mwezi? Fundi asiyeuliza atawajengea nyumba ya mtu mwingine.

Pili, huchora kwenye karatasi. Kwa kikundi kidogo kurasa nne zatosha: sisi ni nani, tunauza nini, jinsi ya kuagiza na kulipa, na mahali tulipo. Kikundi hukaa, huangalia mchoro, husahihisha. Kufuta mstari wa kalamu ni rahisi kuliko kubomoa ukuta.

Tatu, hutafuta jina na kiwanja. Jina ndilo anwani. Yanayoishia na .bi ni ya Burundi, kama .tz ilivyo ya Tanzania na .cd ya Kongo. Kiwanja ni nafasi ndani ya ile kompyuta isiyozimwa. Vyote viwili hukodiwa, kwa kawaida kwa mwaka. Kodi isipolipwa, tovuti hutoweka, na baadaye mtu mwingine anaweza kulichukua jina lenu. Kwa hiyo gharama si ya siku moja. Itieni katika hesabu ya kikundi ya kila mwaka.

Nne, hujenga. Kuna lugha ya kompyuta iitwayo HTML: hiyo ni miti na kuta. Inasema hapa ni kichwa cha habari, hapa ni picha, hapa ni namba ya simu. Kuna nyingine iitwayo CSS: hiyo ni lipu na rangi. Inapanga ukubwa wa herufi, rangi na nafasi. Fundi huziandika kwa mkono, au huanza na WordPress kisha akarekebisha.

Hapa tukae kidogo kwenye picha, maana ndizo zinazomgharimu mnunuzi. Picha ya simu mara nyingi ina uzito wa megabaiti 3 au zaidi. Ukurasa wenye picha 10 za namna hiyo una megabaiti 30, na mnunuzi anazilipia kwa fedha yake. Fundi mwema huzipunguza hadi kilobaiti 150 hivi kila moja, na jicho haliona tofauti. Zote kumi sasa ni megabaiti moja na nusu, yaani uzito umepungua mara 20. Yule mama wa sokoni hatafunga ukurasa kabla ya kuiona sabuni.

Tano, maneno. Hayo hayatoki kwa fundi, yanatoka kwenu. Andikeni kwa Kirundi, kwa Kiswahili kwa ajili ya wanunuzi wa Uvira na Kigoma, na kwa Kifaransa kwa ajili ya maofisi. Bei ya mawese hupanda na kushuka kwa majira. Basi kila bei iwe na tarehe yake, na mmoja wenu apewe kazi ya kuibadilisha. Bei ya mwaka jana ukurasani huvunja imani ya mteja.

Sita, hujaribu. Si kwa kompyuta yake tu, bali kwa simu ya bei ndogo, mahali penye mtandao dhaifu, na juani. Pia huweka cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https. Lipo shirika liitwalo Let's Encrypt linalotoa vyeti hivyo bure. Muulizeni fundi kama anatumia hicho, kabla ya kukubali bei ya cheti.

FUNGUO

Hatua ya saba ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo yenye hatari. Jina la tovuti liandikishwe kwa nani? Mara nyingi fundi huliandikisha kwa jina lake na barua pepe yake, si kwa ubaya, bali kwa haraka. Miaka miwili baadaye amehama, simu haipatikani, kodi imefika. Kikundi kilicholipa kila faranga kinakuta hakina uwezo hata wa kubadili namba ya simu.

Kwa hiyo jina liwe la kikundi tangu siku ya kwanza. Maneno ya siri, ya jina na ya kiwanja, yaandikwe katika daftari litunzwalo na watu wawili, sio mmoja. Siku ya kukabidhi, mmoja wa kikundi aingie mwenyewe na kubadili bei mbele ya fundi. Akishindwa, kazi haijakwisha.

UJIRA

Haki ina pande mbili. Fundi huyu hana karatasi ya mshahara, wala mwajiri wa kumlipia michango ya INSS. Umeme ukikatika kazi inasimama, lakini siku ya kukabidhi haisogei. Na baya zaidi ni mteja anayesema «ongeza ukurasa mmoja tu» kila wiki, kisha analipa nusu.

Dawa ni mapatano ya maandishi, hata kwenye karatasi moja ya daftari: kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi, siku gani, na nani atalipa kodi ya mwaka. Twashauri malipo yawe mafungu matatu: la kwanza kazi ikianza, la pili kikundi kikiona tovuti inafunguka kwenye simu, la tatu funguo zikikabidhiwa. Hivyo fundi hafi njaa akijenga, na kikundi hakilipi hewa.

Sisi wafanyakazi tunajua ahadi ya mdomo inavyogeuka siku ya malipo. Tulilodai kwa waajiri wetu, yaani kazi iandikwe na ujira uandikwe, tumtendee na kijana huyu. Naye atukabidhi funguo zetu.