Gumba la Mississippi katika majaruba ya Ubaruku

Ubaruku, huku Usangu, wakati wa mavuno haina subira na gitaa kavu. Mashine za kukoboa zinaunguruma tangu asubuhi, matrekta yanapita na magunia ya mpunga, na kila kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu kina sabufa inayoshindana na ya jirani. Anayetaka kumsikiliza Mississippi John Hurt asubiri usiku, mashine zikishazimwa.

Hurt alikuwa mkulima wa kijiji cha Avalon, Marekani. Mwaka 1928 kampuni ya Okeh ilimrekodi Memphis, kisha New York. Nyimbo 13 za mwaka huo ndizo zinazosikika leo katika albamu moja. Santuri zake hazikuuzika, uchumi wa dunia ukaanguka mwaka uliofuata, naye akarudi shambani. Mwaka 1963 kijana mpenzi wa santuri za kale, Tom Hoskins, aliufuata wimbo unaokitaja kijiji hicho, akamkuta mzee yupo palepale.

Ukisikia neno bluzi ukategemea kilio, utashangaa. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kuharakishwa, kama mtu anayepandikiza mpunga mstari kwa mstari, huku vidole vingine vikiuchezea wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Hurt anasimulia mauaji kwa sauti ya mtu aliyeketi barazani. Upole huo unatisha kuliko ukelele.

Kisha unajiuliza: mbona mkono huu naujua? Ni wa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji wa Katanga, Kongo, ambao sasa ni Likasi, akipiga "Masanga" kwa gumba na kidole cha shahada tu. Nyimbo zake nyingi ziliimbwa kwa Kiswahili cha kule, na baadaye aliishi Nairobi, ambako vijana wengi wa gitaa waliiga mkono wake.

Tusijipe ujomba na Hurt, lakini. Mtafiti Gerhard Kubik, anayetafuta mizizi ya bluzi Afrika, anaelekeza kidole savana za Afrika Magharibi. Kwa Mwenda ni habari nyingine. Wayeke, watu wake, ni wazao wa wafuasi wa Msiri, aliyetoka Unyamwezi karne ya 19 akajenga dola Katanga. Msukuma, jirani wa Mnyamwezi, aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, akimsikia Mwenda, ana haki ya kuuliza habari za nyumbani.

Kwa ufundi, namweka Mwenda mbele. Vidole viwili vinafanya kazi ya watu watatu. Kwa kukaa naye usiku kucha, namchagua Hurt. Wote walifika tamasha la Newport, Marekani: Hurt mwaka 1963, Mwenda mwaka 1969. Hurt alifariki mwaka 1966, kwa hiyo pale hawakukutana.