Unarudi kwa pikipiki baada ya miaka mingi? Chagua inayokufaa leo

Afisa wa kilimo aliyefanya kazi Kimilili au Kiminini miaka ya 1980 na 1990 alitambulika kwa mlio wa pikipiki yake kabla hajafika bomani. Mara nyingi ilikuwa Yamaha, Suzuki au Honda ya cc 100 au 125: nyepesi, na isiyoogopa matope. Baadaye alihamishiwa ofisini, akanunua gari, na pikipiki ikabaki kuwa kumbukumbu. Leo amestaafu na kiinua mgongo kimeingia. Anatamani kurudi barabarani, safari hii kwa pikipiki kubwa.

Hamu hiyo si mbaya. Hatari huja anapochagua pikipiki ya kijana aliyekuwa zamani, badala ya ile inayomfaa mtu aliye leo na barabara za leo.

Barabara imebadilika

Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250, na bodaboda zikaenea kila mahali. Leo huwezi kupita Kanduyi, Webuye au Kamukuywa bila kukuta pikipiki zikiingia barabarani kutoka pande zote mbili. Barabara ya kwenda Malaba imejaa trela za Uganda. Msimu wa mavuno huleta lori za mahindi na trekta za miwa, baadhi zikitembea usiku bila taa za nyuma. Yapo pia matuta yasiyo na alama.

Nawe umebadilika. Macho ya miaka 55 hayaoni gizani kama ya miaka 25, na mkono huchelewa kidogo kushika breki. Pima macho kabla ya kwenda dukani.

Nguvu na uzito

Pikipiki ya bodaboda ya cc 150 ina takriban nguvu za farasi 12 na uzito wa kilo 120 hivi. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ina nguvu 24 na kilo karibu 200. Bajaj Dominar 400 ina nguvu 40. BMW R 1250 GS ina nguvu 136 na kilo karibu 250. Yaani BMW hiyo ina nguvu za bodaboda kumi na moja, zote zikisubiri mkono wako wa kulia.

Ni kweli kwamba hapa kwetu injini ndogo huchoka. Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma mita 1,400 hivi. Injini hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo kutaka kitu kikubwa kuliko cc 150 si majivuno. Lakini kwa anayerudi baada ya miaka mingi, cc 200 hadi 400 zinatosha safari zote za kaunti hizi mbili, ukiwa na abiria au mzigo.

Kumbuka pia mwendo. Kwa kilomita 50 kwa saa unasafiri mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 100 unasafiri mita 28. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika ili breki zikusimamishe huongezeka mara nne.

Ijaribu kabla ya kulipa

- Kalia kiti. Nyayo zote mbili zikanyage chini imara. Ukisimama kwa ncha za vidole, pikipiki hiyo itakuangusha kwenye changarawe ya Kapsokwony siku ya mvua.
- Isukume kurudi nyuma kwenye mwinuko mdogo. Ikikushinda dukani, itakushinda barabarani.
- Ulizia kama ina ABS, mfumo unaozuia gurudumu kujifunga unapofunga breki ghafla. India imeulazimisha kwa pikipiki za zaidi ya cc 125 tangu 2019, lakini zinazouzwa hapa si zote zilizo nao.
- Muulize fundi wako kuhusu vipuri. Vya bodaboda vimejaa Kitale na Bungoma. Vya pikipiki kubwa huenda ukavisubiri kutoka Nairobi.
- Linganisha nambari za injini na fremu na zile zilizo kwenye logbook, na hakikisha umiliki umehamishwa kwa jina lako kupitia eCitizen.

Leseni, bima na mavazi

Leseni ya gari pekee haikuruhusu kuendesha pikipiki. Kwa matumizi yako binafsi unahitaji daraja A2. Kubeba abiria wa kulipa au vifurushi ni A3. Kama leseni yako ilikuwa kile kitabu chekundu, ingia kwenye akaunti yako ya NTSA katika eCitizen uone kama daraja la pikipiki limo. Bima, angalau ya mtu wa tatu, ni lazima kisheria.

Sheria inakutaka wewe na abiria wako mvae helmeti na jaketi zenye riflekta, na abiria asizidi mmoja. Helmeti ya zamani iliyo stoo usiitumie, kwa kuwa povu lake la ndani huharibika kwa miaka. Nunua mpya inayofunika uso mzima. Tenga pesa za helmeti, glavu na viatu vya kufunika kifundo kabla ya kupanga bei ya pikipiki. Kama bajeti inatosha pikipiki tu, tafuta ya bei nafuu zaidi.

Jifunze upya

Rudi kwa mwalimu wa shule ya udereva kwa siku chache, hata kama uliendesha miaka 20. Pikipiki kubwa husimamishwa hasa na breki ya mbele, ambayo wengi wetu tulizoea kuiogopa. Ishike polepole ukiongeza nguvu, usiikamate ghafla, hasa kwenye changarawe. Fanya mazoezi uwanjani kwa kilomita 30 kwa saa mpaka mkono uzoee.

Kisha anza na safari fupi za mchana, kama Bungoma hadi Chwele au Kitale hadi Kiminini. Mteremko wa Kamatira na barabara ya Lodwar vitakusubiri. Baada ya miezi sita utajua kama kweli unahitaji injini kubwa zaidi. Wengi watagundua kwamba waliyo nayo inawatosha, na wataendelea kufika nyumbani salama.