Ndoano ndogo: ajira Nairobi, hasara Nakivale

Ndoano ya kuvulia samaki ni bidhaa ndogo sana katika vitabu vya forodha. Hata hivyo, ukubwa wake unaweza kuamua kama ziwa litaendelea kulisha watu au litabaki maji matupu. Ulaya na Marekani, wavuvi wa burudani hununua ndoano zisizozidi punje ya mchele, na mafundi wa Kenya hupata riziki kwa kuzipamba. Katika Ziwa Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, ndoano ndogo huvua samaki ambao hawajafikia umri wa kuzaa, na mzigo wake una shida kupita mpakani.

Namba za ndoano

Mnunuzi anayeanza biashara hii huchanganyikiwa na namba. Ndoano huhesabiwa kinyumenyume: namba ikipanda, ndoano inapungua. Namba 4 ni kubwa kuliko namba 9, na namba 9 ni kubwa kuliko namba 20. Kubwa zaidi ya namba 1 huandikwa kwa mkwaju na sifuri, yaani 1/0, 2/0 na kuendelea, na hapo namba ikipanda ndoano nayo inakua. Mwenye duka akiagiza bila kujua jambo hili anaweza kuletewa boksi zima la mali asiyoitaka.

Ndoano za trauti wakati wa baridi huanzia namba 18 na kushuka hadi 24 au hata 26. Mzungu anayezitumia havui kwa ajili ya kitoweo peke yake. Mara nyingi humrudisha samaki majini akiwa hai.

Kwa nini trauti avuliwe kwa ndoano ndogo hivyo

Jibu liko kwa mdudu anayeitwa usubi wa majini. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wanamfahamu: huinuka ziwani kwa makundi makubwa mpaka mtu akadhani ni moshi. Wengi wao hawaumi. Mdudu huyu hutaga mayai majini, funza wake huishi katika tope, kisha hugeuka bundo na kupanda juu ya maji ambako hutoka akiwa na mabawa. Baadhi ya funza ni wekundu kwa sababu wana hemoglobini kama iliyo katika damu ya binadamu, na hiyo huwasaidia kuishi kwenye tope lenye oksijeni kidogo.

Katika nchi za baridi, wadudu wengi hupotea majira ya kipupwe, lakini usubi huendelea kutoka hata theluji ikiwa imetanda kingo za mto. Trauti naye, maji yakiwa baridi sana, mwili wake hufanya kazi polepole. Hafukuzi chakula cha mbali bali hungoja kinachopita mbele ya mdomo wake. Kwa hiyo mvuvi hufunga uzi, unyoya na waya mwembamba juu ya ndoano ndogo ili ifanane na funza au bundo wa usubi, kisha huiacha ielee na mkondo karibu na chini.

Afrika Mashariki trauti wapo. Waliletwa Kenya na walowezi wa Kiingereza mwaka 1905 katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, na baadaye wakasambazwa katika mito ya Mlima Kenya. Nakivale hawawezi kuishi, kwa kuwa trauti anataka maji ya baridi yanayotiririka, na ziwa hili ni la kina kifupi na maji ya uvuguvugu.

Biashara iliyozaliwa na mdudu

Kwa miaka mingi Kenya imekuwa miongoni mwa nchi zinazofunga chambo hizi bandia kwa mkono na kuziuza nje. Kazi yenyewe inahitaji kibano cha mezani, mkasi, uzi, manyoya na macho makali. Mzigo wake ni mwepesi, hivyo gharama ya ndege haili faida yote. Katika forodha, ndoano tupu huingia kwenye kifungu 9507.20, na chambo bandia kwenye 9507.90.

Masharti yake ni magumu. Mnunuzi anataka kila kipande kifanane na mwenzake, na manyoya ya ndege yanadhibitiwa na sheria za mifugo na za wanyamapori za nchi inayopokea. Kwa sababu hiyo ufundi huu hauanzi kwa kununua ndoano, huanza kwa kupata mnunuzi aliyeweka oda. Kikundi cha Nakivale au Mbarara kinachofikiria kazi hii kisitangulize mtaji kabla ya oda hiyo.

Nakivale: ndoano ileile, hesabu nyingine

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili ni moja ya lugha kuu za sokoni. Barabara ya kwenda Mbarara ni karibu kilomita 60. Ziwa lenyewe ni dogo, kama kilomita za mraba 26, na pamoja na Ziwa Mburo na mabwawa jirani liliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya ardhi oevu zinazolindwa na Mkataba wa Ramsar. Maji ya mfumo huo yanatoka hasa Mto Rwizi, unaopita katikati ya Mbarara na kubeba udongo wa mashamba.

Samaki wa ziwa hilo ni ngege, kambare, kamongo na wale wadogo wanaoitwa nkejje. Kambare na kamongo huvuliwa kwa mshipi mrefu wenye ndoano nyingi, zenye chambo cha nyungunyungu au vipande vya samaki. Hapo ndipo ukubwa wa ndoano unapoleta tofauti. Ndoano kubwa haiingii katika kinywa kidogo, kwa hiyo humwacha mtoto wa samaki apite. Ndoano ndogo haichagui: ngege mchanga, ambaye hula wadudu na viumbe vidogo vya majini kuliko wazazi wake, ndiye wa kwanza kuimeza.

Hasara yake inahesabika. Uzito wa samaki hukua haraka kuliko urefu. Urefu ukiongezeka mara 2, uzito huongezeka kama mara 8. Ngege wa sentimita 14 akiachwa afike sentimita 28, mnunuzi wa Mbarara anapimiwa nyama mara 8 ya ile ya kwanza. Zaidi ya hapo, samaki huyo atakuwa amezaa. Ngege jike hubeba mayai na watoto kinywani, na wakati huo hula kidogo sana, kwa hiyo ndoano humkosa mara nyingi. Wavu wa macho madogo haumkosi, na anayemtoa majini ametoa na kizazi chake. Ndoano ndogo na wavu mdogo vikifanya kazi pamoja, ziwa linavuliwa pande zote mbili.

Uganda imeweka urefu wa chini wa ngege kuwa inchi 11, yaani sentimita 28. Mwaka 2017 wanajeshi wa UPDF walianza kutumika katika maziwa makubwa kusimamia sheria za uvuvi, na mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria mpya ya uvuvi na ufugaji wa samaki iliyochukua nafasi ya ile ya zama za ukoloni. Samaki mdogo anaweza kukamatwa ziwani, barabarani au sokoni, na mwenye hasara ni yule atakayekutwa naye.

Pamoja na hayo, ni vigumu kumwambia mwenye njaa asivue. Mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa hadi asilimia 70 mwaka 2020, ukashuka tena hadi asilimia 60 mapema 2021, na kuanzia 2023 familia ziligawanywa katika makundi kulingana na uhitaji. Kijana mwenye mshipi na ndoano ya bei ndogo anapata mboga ya jioni. Akiwa peke yake ziwa halishtuki, lakini wakiwa mamia samaki wakubwa huanza kuadimika.

Kufika mpakani

Samaki wa Nakivale huuzwa wabichi hapo hapo na Mbarara. Anayetaka kuwafikisha mbali huwakausha, huwatia chumvi au huwabanika. Kutoka Mbarara njia ziko kadhaa: Mirama Hills na Katuna kwenda Rwanda, Kikagati kwenda Murongo nchini Tanzania, na Mpondwe kwenda Kasindi nchini Kongo. Katuna ilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa Januari 2022, na waliotegemea njia moja tu walijifunza kwa uchungu.

Mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Kuna jambo wengi hawalijui: samaki aliyevuliwa katika ziwa la Uganda ni bidhaa ya Uganda, hata kama aliyemvua ni Mkongo au Mrundi. Uasili hufuata maji, haufuati uraia wa mvuvi. Cheti hicho lakini hakifuti masharti mengine. Ofisa uvuvi lazima athibitishe afya ya samaki, na samaki chini ya kipimo hapati karatasi.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kwenda atakako ndani ya Uganda. Kuvuka mpaka ni suala lingine, kwani anayerudi katika nchi aliyoikimbia anaweza kuhatarisha hadhi yake. Kwa wengi, njia salama ni kumuuzia mchuuzi wa Mbarara mwenye leseni, au kuungana naye.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mzigo Nakivale, mchuuzi abebe futi na apime ngege mmoja mmoja. Aulize wamevuliwa kwa nini na kwa ndoano ya namba gani. Na mwenye duka la vifaa Mbarara akumbuke kwamba ndoano za namba za juu anazouza kwa bei ya chini leo zitampunguzia wateja kesho, kwa kuwa ziwa likiisha samaki, hakuna atakayerudi kununua ndoano.