Ticha wa Steps Pia Analipa Keja

Dansa wa Nai akisota mpaka landlodi aanze kumvizia kwa ngazi, kuna kitu moja kila msee humshow: "Si ufunze watoi steps?" Inasemwa ka hiyo ni kitu ya kushikilia tu ukingoja maisha yako ianze. Mimi ni dansa. Nafunza madogo hapa Eastlando. Na hiyo fikra ndio imetumaliza, juu mtu akishaamini kufunza watoi ni kupoteza taimu, haoni haja ya kulipa ticha, na haoni haja ya kulipa watoi.

Wacha nikuchoree vile ganji ya dansa huingia. Msanii akitaka kushuti vidio anaitisha madansa wanne ama watano. Mnapiga prakti wiki nzima. Siku ya kushuti mnafika asubuhi na mapema, mnatoka usiku, kila mtu anapewa thao moja na kitu na fare ya kurudi mtaa. Ngoma inatoka, inashika TikTok yote, steps ni zako, jina yako haiko mahali. Disemba kuna harusi na pati za makampuni, so Disemba unadishi poa. Januari simu inanyamaza. Na ukiumia goti, hakuna mtu anakulipa zile siku unashinda kejani na barafu. Karibu kila dansa namjua amepitia msoto, hata wale unawaonanga waking'ara nyuma ya wasanii wakubwa. Stej peke yake haijawai tosha kulipa keja.

So jioni madogo wakitoka chuo, tunapatana. Social hall za huku kwetu, kina Kaloleni, Makadara, Jericho na Pumwani, zimelea madansa wengi wa hii tao. Ya Kaloleni wazee bado watakushow vile kina Tom Mboya walikuwa wakihutubia watu hapo kabla ya uhuru. Hall ikiwa imeshikwa na mkutano ama kanisa, tunatoka nje kwa simiti, tunafagia mawe, tunaweka spika kwa dirisha. Simiti ndio adui yangu mkubwa. Mtoi akiruka hapo ashukie miguu imenyooka, ule mgongano unapanda kwa magoti mpaka kwa mgongo, na mtoi hatakushow anaumwa juu anaogopa utamtoa kwa laini. So kabla ya step yoyote mi huwafunza kushuka. Vidole vya mguu kwanza, kisigino ifuate, magoti ikunjike, na wasiskike. Nawapea mgongo, naangalia ukuta, naskiza. Nikiskia kishindo tunarudia. Hakuna mzazi amewai niuliza kuhusu hiyo, na ndio kitu ya maana zaidi nafanyanga.

Alafu kuna hesabu. Ngoma ya dakika tatu yenye inakimbia beat 120 kwa dakika iko na beat 360. Sisi hugawanya kwa nane, so hizo ni eiti 45. Kila eiti naitunga usiku kejani nikikanyaga pole pole, juu jirani wa chini ako na mtoto mchanga. Kesho yake nasimama mbele ya madogo tukiangaliana, na hapo lazima nigeuze kila kitu. Nikitaka warushe mkono wa kulia, mi narusha wa kushoto, ndio wanicheki ka kioo. Fanya hivyo kwa eiti zote 45 ukichunga mwenye anafinya mwenzake, mwenye kiatu imefunguka, na mwenye ameanza kulia juu amewekwa nyuma. Bado hujafika kwa madirisha. Laini ya pili haisimami nyuma ya vichwa vya laini ya kwanza, inasimama kwa ile nafasi ya katikati ya watu wawili, hiyo ndio dirisha, ndio kila mathe amwone mtoi wake. Madansa wakubwa unawaambia mara moja. Watoi wa miaka saba unawachorea chini na chaki, wiki baada ya wiki, mpaka miguu ijue yenyewe.

Kuna dem mdogo wa Gredi 4 alikuja akiwa habongi na mtu. Alikuwa anasimama pale mwisho karibu na mlango, bega moja ndani, bega moja nje. Steps zake zilikuwa ndogo na wenzake walikuwa wanampita tu ka hayuko. Lakini mi nilicheki midomo yake. Ilikuwa inasonga: tano, sita, saba, nane, bila sauti. Siku moja spika ikazima katikati ya eiti, chaji imeisha, madogo wote wakasimama wakaanza kucheka. Yeye akaendelea. Akamaliza hiyo eiti, akaingia kwa ingine, akageuka pale wote walifaa kugeuka, na mmoja mmoja wakaanza kufuata miguu yake, mpaka mbogi yote ikawa inadansi bila ngoma, unaskia tu raba zikigusa floor. Nilimleta mbele, katikati. Siku hizi spika ikizima yeye ndio huhesabia wengine, na anahesabu kwa sauti.

Mzazi mwenye ako nayo analipa soo kwa wiki. Mwenye hana, mtoi wake anadansi tu, juu mi siwezi fukuza mtoi mlangoni juu ya soo. Hiyo ganji ndio inanunua bando, bandeji na chaki. Mandazi ndio hukula kubwa. Mtoi amedishi kikombe ya githeri saa saba, anakufikia saa kumi na moja, huwezi mwambia aruke. Kuna jioni natoka tao hadi mtaa kwa mguu juu fare yangu imeishia kwa beseni ya yule mathe wa mandazi, na bado nafika kejani nikiwa na eiti za kutunga.

Wenye wangefaa kutushika mkono ni mashule. Kila mwaka shule zinaingia Kenya Music Festival, mashindano yenye imekuwa hapa tangu 1927, na zinaingia zile za drama, zenye ziko na dansi yake pia. Nationals za drama hufika karibu Aprili, za muziki karibu Agosti. So Januari odijo anakupigia akiwa na presha: anataka dansi mpya, anataka watoi hamsini wasimame laini moja, anataka kushinda kaunti. Unaenda kila siku. Unawapea kila kitu unajua. Wakipita, cheti inaandikwa jina ya shule, prinsipo anapiga picha na kombe, na wewe trena unaambiwa ungoje term ijayo. Term ijayo kuna basari mwingine.

Na chenye huniuma zaidi ni vile gava yenyewe imekubali haya ni masomo. Kwa mtaala mpya, senior school iko na njia tatu, na moja ni ya sanaa na michezo. Gredi 10 ya kwanza imeingia 2026. Hao watoi nani atawafunza kudansi? Wenye wanajua wako hapa mtaani, wamefanya hii kazi tangu wakiwa mayut, lakini hawana namba ya TSC, so wanaingia shule ka vibarua wa siku mbili na wanatoka bila hata barua. Kama serikali iko serious na hiyo njia, itafute namna ya kupima dansa kwa chenye anajua kufunza, impee karatasi, na imlipe ka mtu wa kazi.

Shoo za wikendi nazo ni story ingine. Tuliitwa ivent moja ya familia. Watoi waliambiwa wafike saa tatu asubuhi. Walipanda stej saa kumi na moja jioni. Hapo katikati hakukuwa na kivuli, mahali ya kubadilisha nguo ilikuwa nyuma ya gari, na dishi ilikuwa soda na mkate. Walidansi vipoa sana. Watu walisimama, wakarekodi, mwenye ivent akapiga picha na madogo wakiwa wamebebeshwa bango yake. Nilipoitisha ganji nikaambiwa si tumeonekana, na kuonekana ni malipo. Kuonekana haipandi mathree. Kange mmoja wa ruti yetu ndio alitubeba nusu bei, na watoi walifika kwao giza ikiwa imeingia, mamathe wamenipigia simu mpaka betri ikaisha. Mtu mzima hawezi fanyishwa kazi hivyo anyamaze. Watoi wananyamaza juu wamefunzwa kuheshimu wakubwa, na hapo ndio wanakulwa.

Si ati hii kazi haina matunda. Anne Wanjugu alikuwa mwigizaji wa hapa Nai. 1994 alianza Shangilia Mtoto wa Afrika na watoi wa streets, akawaweka kwa drama, ngoma na sarakasi, na Shangilia ikawa boma na shule hapo Kangemi. Mtu wa stej, si mtu wa ofisi, ndio aliona hao watoi wanaweza. Ama cheki majirani wetu wa Kampala. Dauda Kavuma alikusanya watoi akaunda Ghetto Kids. 2014 walidansi kwa Sitya Loss ya Eddy Kenzo, 2017 wakaingia kwa vidio ya Unforgettable ya French Montana, na 2023 wakafika fainali ya Britain's Got Talent, baada ya Bruno Tonioli kugonga ile kitufe ya dhahabu kabla hata wamalize kudansi. Watu hukumbuka hiyo kitufe. Mi nikicheki hiyo klipu naangalia laini zao, vile hakuna mtoi amefichwa na mwenzake na vile wote wanashuka pamoja. Hiyo ni miaka ya mtu kuwarudisha kwa eiti moja jioni baada ya jioni, na kuhakikisha wamedishi kabla.

So siku hizi, kabla ya shoo yoyote, mi huandika makubaliano. Ni karatasi moja tu, mzazi anaweka saini na mwenye shoo anaweka saini. Saa ya kufika na saa ya kutoka. Chumba ya kubadilisha nguo yenye iko na mlango. Dishi ya ukweli. Mat ya kwenda na kurudi. Nani ameruhusiwa kupost vidio ya nani. Ngoma ya matusi hatudansi hata ikiwa ndio inabamba tao yote. Beat za gengetone tunazipenda, so mi hutafuta ile haina maneno. Ganji ikiingia inagawanywa mbele ya wazazi: ya kila mtoi inaenda kwa M-Pesa ya mathe ama buda wake, na yangu ni yangu, bila kuomba radhi. Kuna wenye waliona hiyo karatasi wakaacha kunipigia, na sijawakosa. Kuna mathe mmoja wa mtaa, ako na watoi watatu kwa mbogi, alisoma laini moja baada ya ingine, akaniuliza mbona sikuandika na maji ya kunywa. Ikaongezwa.

Kama uko na shoo na unataka hii mbogi, stej iwe flati na isikuwe na misumari, spika zisikae karibu na masikio ya watoi, na nusu ya ganji iingie kufikia Alhamisi ndio nibuki mat na ninunue soksi. Usitupange baada ya saa kumi jioni. Jumatatu ni chuo.