Nchi Inayoachana Chini ya Miguu Yetu

Ukisimama jioni katika mteremko wa Mutanga Sud, hapa Bujumbura, utaliona Ziwa Tanganyika limelala chini yako, na ng'ambo yake milima ya Uvira nchini Kongo. Nyuma yako nayo yainuka milima ya Burundi. Ni kuta mbili zitazamanazo, na kati yake shimo lililojaa maji. Je, ni nini kilichozitenga?

Wataalamu wa elimu ya miamba hutufundisha kwamba ganda la dunia si kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa, mfano wa ganda la yai la kuchemsha lililopasuka. Chini yake umo mwamba wenye joto kali utambaao polepole mno, na mabamba hayo husogea daima.

Mahali pengine mabamba hugongana. Sukuma mikeka miwili ikutane sakafuni, nayo itakunjamana na kuinuka. Ndivyo Bara Hindi lilivyoigonga Asia miaka ipatayo milioni 50 iliyopita, ikainuka milima ya Himalaya.

Kwetu mambo ni kinyume: hapa nchi inaachana. Mama akandaye unga wa chapati ajua kwamba donge likivutwa huku na huku, katikati hupungua unene na kubonyea. Afrika ya Mashariki yavutwa vivyo hivyo, ikijitenga na sehemu nyingine ya bara. Nchi ilipasuka, vipande vya kati vikazama, likazaliwa Bonde la Ufa. Mkono wake wa magharibi hupita Ziwa Albert, Ziwa Kivu na bonde la Rusizi hadi Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kina, nalo pia limo katika ufa.

Mwendo huo ni wa milimita chache kwa mwaka. Ukucha wako hukua kiasi hicho kwa mwezi mmoja. Lakini miamba hukwama, ikakazana kwa miaka mingi, kisha ikaachia ghafula. Hilo ndilo tetemeko. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea katika ziwa hili na kubomoa nyumba huko Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, jingine liliipiga Bukavu na Rusizi ya Rwanda. Makumi ya watu walikufa, baadhi yao wakiwa ibadani.

Hakuna ajuaye siku ya tetemeko lijalo. Lakini kinachoua mara nyingi si ardhi, bali ukuta uangukao. Basi ajengaye azifunge kuta za matofali kwa mkanda wa zege lenye nondo. Kabati zito lisisimame kando ya kitanda cha mtoto. Ardhi ikitikisika, walio ndani waingie chini ya meza imara na kukinga vichwa; walio nje wajitenge na kuta na nyaya za umeme. Ikitulia, zimeni jiko la makaa, tokeni kwa utaratibu, wala msirudi katika nyumba yenye nyufa, kwani mitikisiko mingine hufuata.

Askari hufundishwa kuujua uwanja wake kabla ya hatari kufika. Familia nayo ifanye hivyo: leo jioni, baba na mama wawaonyeshe watoto meza ya kujikinga na mahali pa kukutania nje.