Siku Mbili za Mwisho Japani

Tulikaa Kyoto siku tisa bila haraka, mimi, mama watoto na watoto wetu wawili. Kwa kuwa tulinuia tangu mwanzo kukaa zaidi ya siku nne, tulisali kwa ukamilifu kama wakazi, kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafii. Tulipofunga mizigo kurejea nyumbani, tukipitia Kobe kwa siku mbili tu, ruhusa ya kupunguza ilirudi. Binti yetu mdogo alifurahi mno.

Watoto walitaka maduka. Sikuwakatalia, ila adhuhuri niliwapeleka kwanza katika Msikiti wa Kobe, uliofunguliwa mwaka 1935. Mabomu ya vita yaliuteketeza mji huo mwaka 1945. Tetemeko la Januari 1995 likaua watu zaidi ya 6,000. Nao msikiti ungali umesimama. Kijana wangu aliupapasa ukuta, akanyamaza kimya. Maduka hakuyataja tena.

Tukasali nyuma ya imamu mkazi, rakaa nne.

“Baba, si ulisema mbili?” binti akanong’ona.

Nikamweleza kuwa msafiri akimfuata mkazi hutimiza. Akaafiki, japo shingo upande.

Alasiri tulisali wenyewe hotelini, mizigo ikiwa mlangoni. Baada ya salamu alibaki ameketi, akaniuliza kama haifai kuongeza mbili nyingine, ili tuchelewe kidogo kuondoka.