TUKITAKA KUFIKA JANGWANI, TUHESABU NINI?



Siku moja katika somo la jiografia mwanafunzi mmoja aliuliza: "Mwalimu, jangwa la karibu na Bunia liko wapi? Mutu anaweza kufika kule na motokari?" Wengi walicheka. Lakini sisi wa kundi la jiografia tulichukua karte, rula na kalamu, tukaanza kutafuta. Jibu ni hili: ndiyo, mtu anaweza. Nchi kavu ya Waturkana, kaskazini ya Kenya, inafikiwa kwa barabara toka hapa kwetu. Safari yenyewe hatujaifanya, kwa sababu feza hatuna. Lakini kuitengeneza kwenye karatasi kumetufundisha mambo ambayo yanafaa hata kwa mtu anayekwenda karibu tu.

1. Njia

Toka Bunia mpaka Mahagi ni karibu kilomita 180. Pale tunavuka mpaka na kuingia Goli, upande wa Uganda. Kisha Nebbi, na Pakwach tunapovuka mto Nile juu ya daraja. Tunapita Karuma, Lira, Soroti na Mbale, tunaingia Kenya kwa Malaba, tunapanda mpaka Kitale. Toka Kitale mpaka Lodwar ni karibu kilomita 300, na toka Lodwar mpaka Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, ni karibu 60.

Angalieni vimo vya nchi. Kitale iko juu, karibu mita 1,900, na usiku kuna baridi. Barabara inashuka katikati ya milima kwa Marich, karibu na bonde jembamba la mto Turkwel. Bonde hilo lina kuta za mawe, ndiyo maana walijenga pale ukuta wa kuzuia maji wenye urefu wa mita 153, kazi iliyomalizika mwaka 1991. Ukishuka chini zaidi, Lodwar ni karibu mita 500 tu. Kwa siku moja mtu anatoka kwenye koti na kuingia kwenye joto kali. Mwili unashituka, hata injini inashituka. Kwa hiyo tuliandika siku moja ya kupumzika Kitale na kutazama motokari: radiatere, mikanda, mipira.

2. Makaratasi na desturi

Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mpaka ni mpaka. Kila mtu awe na pasiporti yake. Kuna "kadi ya njano" mbili, na watu wanazichanganya: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ingine ni ya asiransi ya motokari, ile ya COMESA. Dereva wetu anahitaji zote mbili.

Tena, kwetu tunatembea upande wa kuume wa barabara. Uganda na Kenya wanatembea upande wa kushoto. Hatari si pale mpakani ambapo kila mtu anakumbuka. Hatari ni asubuhi ya siku inayofuata, barabara ikiwa tupu na dereva akiwa na usingizi. Mtu anayekaa karibu naye awe na kazi ya kumkumbusha. Tusisahau saa vilevile: ikiwa saa mbili hapa Bunia, kule ni saa tatu.

3. Maji

Hapa ndipo tulibishana sana. Mtu mmoja katika joto lile anahitaji kama litre 5 kwa siku, za kunywa na kupika. Tukiwa sita, ni litre 30 kwa siku. Safari ya Kitale mpaka Lodwar ni ya siku moja, lakini tulihesabu siku tatu: moja ya kutembea, moja ya kutengeneza motokari ikivunjika, moja ya kungojea msaada. Hiyo ni litre 90. Ongeza litre 20 za radiatere, jumla 110. Ni bido sita za litre 20.

Bido sita zikijaa zina uzito wa kilo 120, sawa na watu wawili wakubwa. Basi tuliambiana kweli: ama mizigo ibaki, ama mwenzetu mmoja abaki. Maji hayabaki.

Mtu asiseme, "Tutakunywa maji ya ziwa." Mwaka 1888 Teleki na von Höhnel, wasafiri wa Ulaya, walifika ziwa lile pamoja na wapagazi wao na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pwani. Walikuwa na kiu kikubwa, wakakimbilia maji, wakakuta yana ladha ya chumvi na magadi. Maji mbele ya macho, na kiu haiishi. Tena kuna mamba.

4. Mazuti

Kitale mpaka Kalokol na kurudi ni kilomita 720. Jipu likinywa litre 15 kwa kilomita 100, tunahitaji 108. Katika mchanga linakunywa zaidi, basi tuliongeza sehemu ya tatu: 144. Kama tanki inaingiza 90, zinabaki 54, ni bido tatu. Lodwar wanauza mazuti, lakini aliyehesabu vizuri hategemei pompi ya mji mmoja. Bido za mazuti zipakwe rangi nyekundu, zisifanane hata kidogo na zile za maji.

5. Mito isiyo na maji

Kule kuna mito mikavu, wanaiita laga. Mchanga wake ni mzuri kwa kulala, na hapo ndipo kifo kilipo. Mvua inanyesha mbali milimani, wewe unaona nyota juu yako, na usiku maji yanashuka kwa nguvu na kubeba miti. Usilale ndani ya laga. Ukikuta maji yanapita, ngoja yapungue. Na motokari ikivunjika, msiiache. Ina kivuli, tena inaonekana toka mbali kuliko mtu anayetembea peke yake.

6. Usalama

Jambo hili sisi watu wa Ituri hatuhitaji kufundishwa sana. Barabara yetu ya Mahagi imeona mashambulizi mengi, na kule karibu na Kainuk, kati ya Wapokot na Waturkana, kumekuwa na wizi wa ng'ombe kwa bunduki. Sheria ni ileile pande zote mbili: uliza asubuhi ileile, si jana, tembea mchana, ukiambiwa barabara ni mbaya, rudi bila haya. Tena acha karatasi kwa mtu anayebaki: majina, namba ya motokari, siku na saa ya kufika. Telefone inakosa rezo njiani, lakini karatasi ile inajua ni lini waanze kukutafuta.

Kwa nini tunaandika haya?

Kwa likizo moja, baadhi yetu tulipanda kamio kwenda upande wa Mahagi. Iliharibika saa nne ya asubuhi, mahali pasipo na nyumba. Saa sita maji yalikuwa yamekwisha, maana kila mtu alifikiri mwenzake amebeba. Mtoto wa mwaka wa kwanza alianza kutapika, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza kulituogopesha zaidi. Mama mmoja aliyetoka shambani alitukuta, akatua kikapu, akatoa kibido chake: "Kunyweni, batoto yangu. Muanze na ule mudogo." Jina lake hatukuuliza. Na siku ile hatukuwa jangwani, tulikuwa Ituri, nchi ya mvua.

Kwa hiyo, pamoja na hesabu yetu ya Turkana, tunaomba jambo moja kwa Bwana Prefe na waalimu wetu: likizo ijayo, kila kamio inayobeba wanafunzi iwe na bido mbili za maji safi, na orodha ya majina ibaki ofisini mpaka habari ya kufika ipatikane. Sisi wa kundi la jiografia tuko tayari kuosha bido, kuzijaza na kuandika orodha.

Na kama kuna msomaji aliyefika Lodwar kwa macho yake, atuandikie atusahihishe katika gazeti linalokuja.

Kundi la Jiografia